Kufuli tatu: nani hasa anatunga sheria Marekani?

Kwa kinyozi wangu kuna televisheni ndogo iliyotundikwa juu ya kioo. Asubuhi moja habari zilipofika Washington, jamaa aliyekuwa kwenye kiti, povu bado shavuni, akasema, "Mzee kapitisha sheria nyingine tena." Kwenye skrini Rais Donald Trump alikuwa ameinua jalada jeusi, saini yake nene inaonekana kutoka mbali. Kinyozi akasimamisha wembe. "Hiyo siyo sheria, kaka. Hiyo ni amri tu. Bunge lao likikataa, haiendi." Wa tatu, aliyekuwa anasubiri zamu na gazeti mkononi, akacheka. Bunge gani hilo, akauliza, wakati ushuru anapandisha mwenyewe na misaada anakata mwenyewe?

Nililipa nikaondoka, wao bado wanabishana. Wote watatu walishika ukweli nusu nusu. Nusu iliyobaki imo kwenye maneno machache ya katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, na kwenye kesi kadhaa za mahakamani, mojawapo ya kijana aliyezaliwa Kenya.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba tunasoma habari za kule tukiwa na Bunge la huku kichwani. Katiba ya Tanzania, ibara ya 62, inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Rais ni sehemu ya Bunge. Mawaziri ni wabunge. Miswada mingi huletwa na serikali, na kila Juni tunamwona Waziri wa Fedha na mkoba wake akienda kusoma bajeti. Mtu aliyekulia kwenye utaratibu huo akimwona rais wa Marekani anasaini kitu, moja kwa moja anahesabu kuwa sheria imepita. Kule waziri haruhusiwi hata kuwa mbunge. Ibara ya Kwanza, kifungu cha 6, inamzuia mtu kushika nafasi serikalini huku ana kiti bungeni. Rais hana kiti humo, na hawezi kuwasilisha muswada mwenyewe. Akitaka sheria, amtafute mbunge wa kuibeba.

Tuweke majina sawa kabla hatujaenda mbali. Bunge la Marekani linaitwa Kongresi, nalo lina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili kwa hesabu ya watu wa kila jimbo. Seneti ina maseneta 100, wawili kila jimbo, liwe California yenye watu karibu milioni 40 au Wyoming isiyofika hata 600,000, na kila mmoja hukaa miaka sita. Muswada ni sheria ambayo haijaiva. Amri ya rais ni maelekezo anayowapa watumishi wa serikali anayoiongoza: fanyeni hivi, acheni vile. Amri hiyo ina nguvu kweli, lakini nguvu yake ni ya kuazima. Ama imetoka kwenye katiba yenyewe, ama imetoka kwenye sheria ambayo Kongresi ilishapitisha. Isipotoka popote kati ya hapo, mahakama inaifuta.

Iliwahi kutokea hivyo, tena vitani. Aprili 1952, wakati wa vita vya Korea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma. Rais Harry Truman akaamuru serikali ivishike viwanda hivyo ili chuma cha silaha kisikatike. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, na ilipofika Juni Mahakama ya Juu ikamwambia Rais, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba hakuna sheria ya Kongresi iliyompa uwezo huo, na katiba haikumpa. Truman akavirudisha. Kinyozi wangu, kwa hiyo, alipatia, ila si kwa sababu aliyoitaja.

Neno moja: "humu"

Ibara ya Kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, karibu nusu ya maandishi ya awali ya katiba. Sentensi yake ya kwanza inasema mamlaka yote ya kutunga sheria yaliyotolewa humu yatakuwa ya Kongresi. Neno la kukazia macho ni hilo "humu". Kongresi haikupewa uwezo wa kutunga sheria juu ya kila kitu chini ya jua. Ilipewa orodha, na orodha iko kwenye kifungu cha 8, aya 18: kutoza kodi na ushuru, kukopa, kusimamia biashara na mataifa ya nje na baina ya majimbo, uraia, kufilisika, kutengeneza sarafu, posta, hakimiliki, mahakama za chini, maharamia wa baharini, kutangaza vita, jeshi, na kadhalika. Kisichokuwemo kimebaki kwa majimbo au kwa wananchi wenyewe. Katiba ilipoanza kutumika watu hawakuridhika na kuachiwa jambo hilo lisomeke kwa kubahatisha, na mwaka 1791 likaandikwa waziwazi kwenye Rekebisho la Kumi.

Mtanzania ana njia fupi ya kulielewa hili: Mambo ya Muungano. Nyongeza ya Kwanza ya katiba yetu ni orodha, na jambo lisilokuwemo, kwa upande wa Zanzibar, ni la Baraza la Wawakilishi la kule visiwani. Mkenya naye anajua ubishi wa kazi ipi ni ya serikali ya kitaifa na ipi ni ya kaunti. Marekani wamekuwa kwenye ubishi huo kwa zaidi ya karne mbili. Ndiyo maana leseni ya udereva, ndoa, na kesi nyingi za mauaji ni mambo ya jimbo, na adhabu ya kifo ipo Texas lakini haipo Michigan. Anayesema "Kongresi inaweza kutunga sheria yoyote inayotaka" anaielezea Uingereza, siyo Marekani.

Sanduku la kikoba

Kama umewahi kukaa kwenye kikoba cha mtaani unalijua lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Ufunguo wa kwanza anao mama mmoja, wa pili mwingine, wa tatu uko kwa mtu ambaye si ndugu wala shoga wa hao wawili. Mmoja asipofika, sanduku halifunguki hata kikao kijae mpaka uani.

Sheria ya Marekani imefungwa hivyohivyo. Kifungu cha 7 kinataka muswada upite Baraza la Wawakilishi, upite Seneti kwa maneno yaleyale, halafu upelekwe kwa Rais. Rais ana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi. Akisaini, ni sheria. Akinyamaza siku zikaisha na Kongresi iko kazini, ni sheria vilevile. Akinyamaza huku Kongresi imeshaahirisha na hakuna wa kumrudishia, muswada umekufa. Wenyewe huita kuuweka mfukoni. Akiukataa, anaurudisha na sababu zake, na hapo mabaraza yote mawili yanaweza kuivunja kufuli ya tatu kwa theluthi mbili ya kura kila moja. Sisi tunaita kukataa huko kura ya turufu, jina zuri lililotoka kwenye karata, ingawa Rais hapigi kura yoyote. Hata lile neno la Kilatini wanalolitumia Wamarekani halimo kwenye katiba yao.

Kwa hiyo si kweli kwamba rais akikataa basi mchezo umekwisha. Wala hana la kuwatishia kama tulilonalo huku, ambako ibara ya 97 inamwachia Rais alivunje Bunge likimrudishia muswada kwa theluthi mbili. Rais wa Marekani hawezi kuivunja Kongresi kwa sababu yoyote ile.

Sasa yule kijana wa Kenya. Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya ya ukoloni, wazazi wake kutoka India, na pasipoti yake ilikuwa ya Uingereza. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kwa viza ya mwanafunzi, akasoma Ohio. Juni 1972 viza ikaisha. Wazee wa Nairobi na Kampala wanaukumbuka mwaka huo na hali ya Wahindi wa Afrika Mashariki: nchi waliyozaliwa haiwatambui, nchi iliyowapa pasipoti inawasimamisha mlangoni. Chadha hakuwa na pa kurudi. Mwaka 1974 hakimu wa uhamiaji akampa haki yake: ana zaidi ya miaka saba nchini, tabia njema, na kumfukuza kungemtesa kupita kiasi. Akasimamisha amri ya kumrudisha.

Lakini sheria ya uhamiaji ya wakati ule ilikuwa na mlango wa uani. Kongresi ilikuwa imejiwekea kwamba baraza lolote, hata likiwa peke yake, linaweza kuutengua uamuzi wa namna hiyo. Desemba 1975 mbunge Joshua Eilberg akaleta azimio dhidi ya watu sita kati ya majina 340. Azimio halikuwa limechapishwa ili wabunge walisome. Hakukuwa na mjadala, hakukuwa na kura iliyoandikwa. Likapita. Seneti haikuulizwa, Rais hakuliona. Chadha akaambiwa afungashe.

Alifungua kesi, ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Juni 1983, kwa kura 7 dhidi ya 2, mahakama ikasema hivi kwa ufupi: kitendo kinachobadilisha haki za mtu aliye nje ya Bunge ni kutunga sheria, na kutunga sheria kuna njia moja, kupitia mabaraza yote mawili na meza ya Rais. Baraza moja haliwezi kuja na ufunguo wake mmoja likafungua sanduku. Chadha akabaki Marekani.

Habari nyingi huishia hapo, lakini uzito wa jambo unaanzia hapo. Mlango wa uani kama ule ulikuwa umewekwa kwenye vipengele karibu 200 vya sheria mbalimbali, na Jaji Byron White, aliyekataa uamuzi huo, alilalamika kuwa vyote vimepigwa kwa jiwe moja. Kongresi ilizoea kumpa Rais madaraka mapana huku imeshika kamba: ukizidisha, tunavuta. Kesi ya Chadha ikaikata kamba. Tangu hapo, kumpa Rais madaraka kunahitaji wingi wa kawaida wa kura, lakini kuyarudisha kunahitaji sheria mpya, sheria mpya inahitaji saini yake, na hakuna anayesaini kupokonywa. Kinachobaki ni theluthi mbili, ambayo ni adimu.

Mfano wa karibu ni sheria ya hali ya hatari ya mwaka 1976. Mwanzoni mabaraza mawili yangeweza kuimaliza hali ya hatari bila kumwuliza Rais. Baada ya Chadha, sheria ilirekebishwa mwaka 1985 ili azimio hilo nalo lipite kwake. Mwaka 2019 Trump alitangaza hali ya hatari mpakani ili apate fedha za ukuta. Mabaraza yote mawili, likiwemo Seneti lililokuwa la chama chake, yakapiga kura ya kuifuta. Akaikataa Machi 15, theluthi mbili haikupatikana, na hali ya hatari ikabaki palepale.

Mbona ushuru anapandisha mwenyewe?

Hapo ndipo anapopatikana yule mwenye gazeti. Aya ya kwanza kabisa ya kifungu cha 8 inaipa Kongresi mamlaka ya kodi na ushuru. Rais hakutajwa. Ushuru anaoupandisha ni wa Kongresi, aliokabidhiwa vipande vipande: sheria ya 1962 kwa bidhaa zinazohusu usalama wa taifa, kama chuma, ya 1974 kwa nchi zinazoonekana kufanya biashara kwa hila, na ya 1977 ya dharura za kiuchumi, ambayo inamruhusu kusimamia uingizaji wa mali lakini haina neno "ushuru" ndani yake. Hiyo ya 1977 ndiyo Trump aliyoiegemea mwaka 2025 alipozitoza karibu nchi zote duniani, na Mei 28 mwaka huohuo mahakama ya Marekani ya biashara ya kimataifa, iliyoko New York, ikasema sheria haikumpa upana huo. Ubishi ulipanda hadi Mahakama ya Juu, iliyowasikiliza mawakili Novemba. Hata hoja ya upande wa serikali ilikuwa kwamba Kongresi ilishampa Rais mamlaka hayo. Ubishi mzima ulikuwa juu ya risiti: ulipewa au hukupewa?

Afrika Mashariki tumeyaonja haya kupitia Agoa, ile sheria ya mwaka 2000 inayoziingiza bidhaa za Afrika kwenye soko la Marekani bila ushuru. Viwanda vya nguo vya Athi River vimeijenga biashara yao juu yake. Kwa kuwa ni sheria, iliisha muda wake Septemba 30, 2025 kwa sababu moja tu: Kongresi haikuwa imeiongezea siku. Balozi hangeweza kuifufua kwa barua, wala Rais kwa amri. Lakini ndani ya sheria hiyohiyo Kongresi ilimpa Rais kalamu ya kuikata nchi isiyotimiza masharti. Kwa kalamu hiyo Rwanda ilisimamishiwa nafuu ya nguo Julai 2018, baada ya kupandisha ushuru wa mitumba, na Uganda ikaondolewa kuanzia Januari 2024. Mtu akikuuliza kama Agoa ni ya Kongresi au ya Rais, muulize anazungumzia mlango au ufunguo.

Mfuko

Kifungu cha 9 kina sentensi ambayo mtu yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina ataipenda: hakuna fedha itakayotolewa Hazina isipokuwa kwa matumizi yaliyoidhinishwa na sheria. Kila shilingi, hapa tuseme kila senti, ina kibali. Kibali kisipopita kwa tarehe, Oktoba 1 ofisi zinafungwa. Hiyo ndiyo "serikali kufungwa" tunayoisikia. Pesa ipo, makusanyo yanaendelea, ila hakuna karatasi ya kuruhusu kuitoa. Mwaka 2025 ofisi zilifungwa siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, na waongozaji wa ndege walikuwa wakienda kazini bila mshahara. Waliodhani Marekani imefilisika walikosea. Ni kikao tu kilichokuwa hakijakubaliana.

Swali gumu ni la upande wa pili. Kongresi ikishaidhinisha fedha zitumike, Rais anaweza kukataa kuzitumia? Richard Nixon alizizuia fedha nyingi, na Kongresi ikamjibu kwa sheria ya mwaka 1974: Rais akitaka kufuta matumizi aombe, na wasipomkubalia ndani ya siku 45 za vikao, azitoe. Januari 20, 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kliniki za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huku kwetu zilitikisika, na watu wengi wakasema "Marekani imekata." Fedha zile zilikuwa zimeshapitishwa kwa sheria, kilichokuwepo ni Rais kukaa juu ya mfuko, na ndiyo maana kesi zilifurika mahakamani. Juni mwaka huohuo akafuata njia ya 1974. Akapeleka ombi la kufuta takriban dola bilioni 9, nyingi za misaada ya nje. Seneti ikatoa humo dola milioni 400 za mpango wa UKIMWI zisiguswe, mabaraza yote mawili yakakubali, naye akasaini Julai. Kukatwa kule kwa Julai kulikuwa sheria kamili, kufuli zote tatu. Kwa mgonjwa anayesubiri dawa tofauti hiyo inaweza kuonekana maneno matupu. Kwa wakili aliyetaka kuishitaki serikali ilikuwa ndiyo kesi yenyewe.

Nyongeza ndogo: miswada ya kodi lazima ianzie Baraza la Wawakilishi, walio karibu zaidi na mpiga kura. Na fedha za jeshi la nchi kavu haziruhusiwi kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka miwili kwa mkupuo. Walioandika katiba walikuwa na kumbukumbu mbichi za wanajeshi wa mfalme wa Uingereza.

Ngano ya Filburn

Tumesema Kongresi ina orodha. Orodha ya 1787, kabla ya treni, simu na bima, imewezaje kubeba nchi nzima ya leo? Jibu kubwa liko kwenye maneno machache: kusimamia biashara baina ya majimbo. Sababu yake ya awali inaeleweka na yeyote aliyewahi kukwama kwenye geti la ushuru wa mazao. Majimbo yalikuwa yakitozana na kubaguana, mali ya mmoja haipiti kwa mwingine bila kulipishwa. Kongresi ikapewa jukumu la kufungua njia.

Kisha akaja Roscoe Filburn, mkulima wa Ohio. Mwaka 1941 aliruhusiwa, chini ya sheria iliyokusudiwa kuzuia bei isiporomoke, kulima ngano ekari 11.1. Akalima 23. Serikali ikampiga faini ya senti 49 kwa kila busheli (kipimo chao cha nafaka) ya ziada, busheli 239, jumla dola 117.11. Filburn akashangaa: ngano ile ilikuwa ya kulisha kuku na ng'ombe wake, ya unga wa nyumbani na ya mbegu. Haijavuka mpaka wa jimbo, haijafika hata sokoni. Biashara iko wapi? Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ikamjibu, majaji wote kwa sauti moja: usingelima ungenunua. Ukiacha kununua wewe mmoja si kitu, lakini wakiacha wakulima wote wa aina yako, bei ya nchi nzima inayumba. Kongresi inaweza kukugusa.

Mimi kila nikiisoma kesi hiyo namwonea Filburn huruma, kisha naikumbuka ya Birmingham, Alabama. Mgahawa mmoja wa nyama choma ulikuwa ukiwauzia watu weusi chakula cha kuondoka nacho tu, kukaa marufuku. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ikapiga marufuku ubaguzi huo. Kwa nini Kongresi haikusimama tu kwenye usawa wa watu? Kwa sababu mwaka 1883 mahakama ilishafuta sheria ya namna hiyo, ikisema rekebisho la usawa linaibana serikali ya jimbo, halimbani mwenye duka. Kwa hiyo wakapitia biashara. Karibu nusu ya chakula alichonunua mwenye mgahawa ilikuwa nyama iliyotoka nje ya jimbo. Hiyo ikatosha. Hoja ileile iliyomkaba mkulima wa ngano ikamfungulia mtu mweusi kiti cha kukalia.

Mpaka lini maneno hayo yavutwe? Mwaka 1995 yalikatika. Mwanafunzi wa San Antonio alikuwa amekamatwa na bastola shuleni chini ya sheria ya Kongresi, na serikali ikajaribu kueleza kwamba bunduki huleta hofu, hofu huharibu elimu, elimu mbovu huharibu uchumi. Majaji watano kati ya tisa wakasema kwa hesabu hiyo hakuna kitakachobaki kuwa cha jimbo. Halafu mwaka 2012 ikafika mahakamani sheria ya bima ya afya ya Obama, iliyomlazimisha mtu kuwa na bima au alipe. Kama Kongresi inaweza kumlazimisha mtu kununua bima, jaji mmoja aliuliza, kwa nini isimlazimishe kununua brokoli? Jaji Mkuu John Roberts akakubali kwamba kusimamia biashara si kumlazimisha asiyefanya biashara aianze. Lakini akageuza ukurasa hadi aya ya kwanza: yale malipo ni kodi, na kutoza kodi kumo kwenye orodha. Sheria ikapona kwa kura moja.

Aya ya 18, ya mwisho, inaruhusu Kongresi kutunga sheria zilizo za lazima na zinazofaa ili kutekeleza hizo nyingine. Mwaka 1819 jimbo la Maryland lilitaka kuitoza kodi benki ya taifa, likadai pia kwamba neno "benki" halimo kwenye katiba. Jaji Mkuu John Marshall akajibu kuwa kukusanya kodi na kukopa vimo, na benki ni chombo cha kufanyia hayo. Aliyetumwa maji hahitaji ruhusa ya pili ya kubeba ndoo. Wengine wameitumia aya hiyo kama mfuko usio na chini, jambo ambalo Marshall hakulisema: ndoo lazima iwe ya maji uliyotumwa.

Vita

Kutangaza vita ni kazi ya Kongresi. Rais ni amiri jeshi mkuu. Mara ya mwisho Kongresi kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea haikutangazwa. Vietnam haikutangazwa. Mwaka 1973, juu ya kichwa cha Nixon aliyeukataa muswada, Kongresi ilitunga sheria inayomtaka Rais aitaarifu ndani ya saa 48 anapoingiza wanajeshi kwenye mapigano na kuwaondoa baada ya siku 60 asipopewa kibali. Sheria hiyo nayo ilikuwa na kamba ya kuvutia bila saini ya Rais, ya aina ileile iliyokatwa na kesi ya Chadha.

Na vibali vikitolewa huwa vipana. Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya minara kuanguka New York, Kongresi ilipitisha kibali ambacho sentensi yake kuu ina maneno 60. Seneti 98 kwa 0. Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1, mmoja huyo akiwa Barbara Lee wa California. Kilimruhusu Rais kutumia nguvu dhidi ya waliopanga, waliosaidia au kuwahifadhi wahusika wa shambulio lile. Kwa kibali hichohicho marais waliofuata wamerusha ndege zisizo na rubani dhidi ya al-Shabaab nchini Somalia, kundi ambalo siku ile ya Septemba lilikuwa halijaanzishwa. Neno "Somalia" halimo kwenye sentensi ile, wala jina la nchi nyingine yoyote.